Opera sebuleni: maswali yenu wiki hii

Binamu aliniletea DVD ya opera kutoka Marekani, deki yangu inaitema. Imeharibika? (Umoja)

Haijaharibika, ndugu yangu. Walioziunda DVD waliigawa dunia kwa namba: Marekani na Kanada 1, Ulaya 2, sisi Kenya 5, na deki husoma diski za namba yake tu. Afrika Kusini nao wakapewa 2, sijui walimhonga nani. Geuza kasha, nyuma kuna kamchoro ka dunia kenye namba. Ikiwa ni 0, inacheza popote, na diski nyingi za opera ziko hivyo. Yako nadhani ni 1. Kabla hujanunua deki nyingine, muulize fundi pale Luthuli Avenue: deki nyingi za bei nafuu hufunguliwa zikubali namba zote kwa kubofya namba fulani kwenye rimoti.

Mama anakuja kutoka ushago. Hajui Kiingereza wala Kiitaliano. Nimwekee nini? (South B)

Mwekee *La traviata* ya Verdi, ile iliyorekodiwa Salzburg mwaka 2005, Anna Netrebko akiimba Violetta. Jukwaa ni tupu, ila saa kubwa ya ukutani inayomhesabia siku Violetta, mgonjwa wa kifua kikuu aliyevaa gauni jekundu. Hapo hahitaji mkalimani.

Maandishi ya chini ya skrini hayana Kiswahili, kwa hivyo msimulie kila sehemu kabla haijaanza, kisha unyamaze. Sehemu ya pili, baba wa mpenzi wake anamwendea Violetta na kumwomba amwache kijana wake, maana dada ya kijana anataka kuolewa na watu wanasema. Simamisha hapo, nenda kaongeze chai. Nilipomwonyesha mamangu, aliguna: "Huyu mzee namjua, ni wa kanisani kwetu." Ukumbini ungekuwa umekaa mbali, kwenye runinga kamera inakuletea uso wa Violetta akikubali, na mama atauona hata bila neno moja.

Nimeunganisha wufa lakini waimbaji wanasikika kama wako ndani ya mtungi. (Kayole)

Punguza besi, bwana! Wufa zetu zimepangiwa matatu. Halafu fungua menyu ya diski, sehemu ya sauti, uchague sterio badala ya 5.1 (ile ya spika sita) ikiwa una spika mbili tu.

Ile Ring ya Wagner naweza kuimaliza Jumamosi moja? (Rongai)

Opera nne, karibu saa 15. Hapana.

Kuna opera ya lugha ya Kiafrika? (Buruburu)

Tafuta *U-Carmen eKhayelitsha*, filamu ya Afrika Kusini iliyoshinda tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2005. Ni *Carmen* ya Bizet kwa Kixhosa. Mwanajeshi mpenzi wa Carmen amekuwa polisi, lakini kiwanda cha sigara kimebaki, safari hii mtaani Khayelitsha. Pauline Malefane, anayeimba Carmen, alishiriki pia kutafsiri maneno. Ni sinema kamili, si jukwaa lililorekodiwa, kwa hivyo kama jukwaa ndilo unalolipenda, anza na Salzburg.