Ukienda Baja 1000 na watoto, usiyakimbize magari

Baja 1000 ni mbio ndefu za magari na pikipiki jangwani, kule Mexico. Kosa letu la kwanza tulilifanyia Ensenada, mji wa Mexico zilikoanzia mwaka ule. Tulitoka San Diego, Marekani, tukiwa watano: mimi, mama Salma, watoto wawili, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mpango wangu ulikuwa tuone magari yakianza mjini, tukayawahi kusini, halafu tukayawahi tena mbele zaidi. Mpango wa mtu aliyezoea kutazama mbio akiwa kwenye kochi.

Mbio hizi zilianza mwaka 1967, na siku hizi hufanyika kila Novemba kwenye rasi ya Baja California. Kuna miaka zinazunguka na kurudi Ensenada, kuna miaka zinashuka mpaka La Paz, kusini mwa rasi, kama mwaka tulioenda sisi. Madereva wa mbio wanakatisha jangwani kwenye mawe na mchanga. Wewe uko Barabara Namba 1, lami nyembamba isiyo na pembeni pa kutokea, na lori likija mbele yako unabana pumzi. Hutayawahi.

Halafu kuna suala la indiketa. Kwetu lori likiwasha ya kushoto, dereva anakwambia pita. Na kule kushoto ni ruhusa, ila kule wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo kushoto hiyohiyo huenda ni mtu anakata kona mbele yako. Nilikaa nyuma ya lori moja karibu nusu saa nikitafakari.

Mafuta sasa. Jaza tenki El Rosario hata kama mshale uko juu ya nusu. Mbele yake kuna zaidi ya kilometa 300 kabla ya Guerrero Negro, na mimi nilipita nikisema tutakuta sheli. Tulifika Cataviña taa ya mafuta ikiwaka. Mzee mmoja kando ya barabara alikuwa na madumu na mpira. Akanyonya, akatema, akatujazia. Alitaka peso, na bahati nzuri mama Salma alibadilisha hela mpakani wakati mimi nikimwambia dola zinatosha.

Mama mkwe alikuwa kimya muda wote huo. Gari lilipowaka akauliza, “Baba Salma, kwani hayo magari hayawezi kutufuata sisi?”

Ndiyo ushauri wangu wote huo. Chagueni sehemu moja, mfike mapema, mkae. Sisi tuligeuza, tukapata kilima cha mawe kando ya njia ya mbio, katikati ya kaktasi, mimea ya miiba ya jangwani, ndefu kuliko nguzo za umeme. Kaeni juu, kamwe si upande wa nje wa kona, maana gari likimshinda dereva linakwenda hukohuko. Na mkikuta umati umejazana penye njia tambarare isiyo na chochote cha kutazama, ondokeni. Wapo watazamaji wanaochimba mashimo au kujenga matuta ya siri ili waone magari yakiruka.

Pikipiki hutangulia. Magari makubwa ya mbele utayajua kwa helikopta inayoyafuata juu: ukiisikia, shika mkono wa mtoto kwanza, kamera baadaye. Vumbi lake hubaki hewani dakika nzima. Vitenge vya mama mkwe ndivyo vilivyotuokoa pua.

Makaratasi kwa ufupi: bima ya gari ya Marekani haitoshi, nunua ya Mexico. Mwenye viza hai ya Marekani haombi viza ya Mexico, ila hakikisha ya mgeni wako inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo kurudi ni kasheshe. Simameni mpakani mgongewe kibali.

Usiku ni baridi kweli, leteni mablanketi. Saa nne hivi, watoto wakiwa wameshalala, ikaja Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo kama kobe, taa moja imekufa, ikipanda kilima taratibu kama imebeba mkaa. Zina kundi lake kwenye mbio. Mama mkwe akasimama, akapiga kigelegele. Marehemu baba mkwe alikuwa nayo. Dereva akajibu kwa honi.

Tukalala humohumo garini. Barabara ile ina ng'ombe usiku, hatukuigusa mpaka kulipokucha.