Ujasiri wa Tom Robinson: majibu kwa wasomaji wa To Kill a Mockingbird

Tangu nilipoandika kuhusu riwaya hii ya Harper Lee, iliyochapishwa mwaka 1960, maswali hayajakoma. Kwa ambaye hajaisoma: katika mji mdogo wa kubuni uitwao Maycomb, jimboni Alabama, miaka ya 1930, wakili Mzungu Atticus Finch anamtetea Tom Robinson, kijana mweusi mwenye mke na watoto watatu, aliyesingiziwa kumbaka msichana wa Kizungu, Mayella Ewell. Msimulizi ni Scout, binti wa wakili huyo, aliyekuwa bado mtoto.

*Shikamoo mwalimu. Kila ninapoandika insha kuhusu ujasiri katika riwaya hii, namtaja Atticus peke yake. Je, hakuna mwingine? (Mwanafunzi wa kidato cha sita)*

Marahaba. Yupo, na kwa maoni yangu anamzidi Atticus: ni Tom Robinson mwenyewe. Atticus aliweka hatarini jina lake na usalama wa wanawe, jambo ambalo si dogo, lakini jioni alirudi kulala nyumbani kwake. Tom alitoa ushahidi akijua kwamba kosa aliloshtakiwa nalo adhabu yake ni kifo.

Mtazame anapoapishwa. Mkono wake wa kushoto ulinaswa na mashine ya kuchambulia pamba alipokuwa mtoto, ukabaki mfupi kuliko wa kulia na usio na nguvu. Anauelekeza kwenye Biblia, unateleza na kuigonga meza ya karani. Anajaribu tena, hadi Jaji Taylor anamwambia inatosha. Kisha anaulizwa kama Mayella amesema uongo, naye anajibu kwamba hasemi anadanganya, anasema amekosea. Huyo ni mtu anayepima kila neno, kwa sababu kwa mtu mweusi kumwita mwanamke wa Kizungu mwongo hadharani ilikuwa hatari kubwa. Lakini mwendesha mashtaka, Gilmer, anapomtaka aeleze kwa nini alimpasulia Mayella kuni na kumchotea maji bila malipo, Tom anasema alimwonea huruma. Ukumbi unabadilika papo hapo, maana mtu mweusi kumhurumia Mzungu kulihesabiwa kuwa amejiweka juu yake. Wapo watakaosema aliteleza ulimi, na kitabu chenyewe kinaeleza kwamba aliitambua hatari mara tu alipotamka; hata hivyo hakulifuta neno lake. Mwanangu, andika insha yako upya ukianzia hapo.

*Ndugu mwandishi, mimi nilikuwa mzee wa baraza mahakamani kwa miaka mingi. Ushahidi ulionyesha kwamba Mayella aliumizwa upande wa kulia wa uso, baba yake ni mashoto, na mshtakiwa mkono wake wa kushoto umelemaa. Wale wazee walimtiaje hatiani?*

Mzee wangu, tofauti ya kwanza unaijua kuliko mimi: kwetu, katika Mahakama Kuu, wazee wa baraza walitoa maoni ambayo hayakumfunga jaji, ilhali kule watu 12 wa juri ndio wanaoamua iwapo mshtakiwa ana hatia, na hawana budi kuwa na kauli moja. Swali kubwa basi ni nani aliyeketi kwenye viti vile. Katika Alabama ya wakati huo watu weusi waliachwa nje ya juri, hila ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliikemea mwaka 1935, na wanawake hawakuruhusiwa kukaa humo hadi mwaka 1966. Walibaki wanaume wa Kizungu, ambao katika riwaya wengi wao ni wakulima wa nje ya mji. Kumwachilia Tom kungekuwa kutamka, mbele ya majirani watakaokutana nao sokoni na kanisani maisha yao yote, kwamba Mzungu amesema uongo na mtu mweusi amesema kweli.

Hata hivyo walichukua saa kadhaa kukubaliana. Mmoja wao, jamaa wa ukoo wa Cunningham, mwanzoni alitaka Tom aachiliwe. Na watu wa ukoo huohuo ndio waliokuwa wamekwenda gerezani usiku kumtoa Tom wamwue, wakarudishwa nyuma na maneno ya mtoto Scout, aliyemtambua mmoja wao na kumsalimia kwa jina. Mimi hapo huwa nasimama kusoma kwa dakika nzima.

*Kwa nini Atticus anamsifu jirani yake, Bi Dubose, kuwa jasiri, wakati bibi yule anawatukana watu weusi waziwazi?*

Kwa sababu aliazimia kuachana na mofini, dawa ya maumivu aliyokuwa mraibu wake, kabla hajafa, akavumilia maumivu, akafa akiwa huru. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, sikubaliani na walimu wanaoishia hapo, kwani bibi huyu anatuonyesha kwamba mtu anaweza kuushinda uraibu wake huku chuki yake akiiacha ilivyo.

*Je, kesi hii ilitokea kweli?*

Kesi ya Tom ni ya kubuni, ingawa wengi huilinganisha na ile ya Scottsboro, Alabama. Mwezi Machi 1931 vijana tisa weusi walishushwa kwenye treni ya mizigo wakashtakiwa kuwabaka wanawake wawili wa Kizungu. Ndani ya wiki chache wanane walihukumiwa kifo. Hakuna aliyenyongwa, lakini walipotezewa miaka mingi gerezani, ingawa mmoja wa wanawake hao aliikana hadithi yake mahakamani mwaka 1933. Mwaka huohuo Jaji James Horton, Mzungu wa jimbo hilohilo, aliitengua hukumu ya juri dhidi ya Haywood Patterson kwa kuona ushahidi hautoshi. Mwaka uliofuata wapiga kura walimnyima kiti chake.

*Mimi ninaishi Marekani, na rafiki zangu weusi hawakipendi kitabu hiki. Wanasema watu weusi humo ni wa kuhurumiwa tu. Unawajibu nini?*

Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Wa Maycomb tunawaona kwa jicho la mtoto wa Kizungu, na katika Go Set a Watchman, riwaya nyingine ya Lee iliyotoka mwaka 2015 ingawa iliandikwa mapema, Atticus yuleyule anapinga kufutwa kwa ubaguzi. Lakini yapo mambo ambayo Scout anayaona bila kuyaelewa yote. Calpurnia, mpishi mweusi wa akina Finch, anampeleka kanisani kwake, na huko Mchungaji Sykes anaamuru mlango ufungwe hadi zipatikane dola 10 za Helen, mke wa Tom, ambaye hakuna anayetaka kumpa kazi. Tom anauawa kwa risasi akijaribu kutoroka gerezani. Baadaye Helen anaajiriwa na Link Deas, mwajiri wa zamani wa Tom, na kwa kuwaogopa akina Ewell haipiti njia iliyo mbele ya nyumba yao. Kila siku anaizunguka kwa miguu, karibu maili nzima ya ziada, hadi Deas anapogundua na kwenda kuwaonya. Kitabu kinampa aya chache tu, na mimi ningependa kusoma riwaya nzima inayotembea na mama yule njiani.