Mbona mialoni ya Uingereza siku hizi inawahi kuchipua?

SWALI: Habari zenu wahariri. Mi ni mdada wa Tanga, niko Reading huku Uingereza nalea wazee. Bibi mmoja ninayemhudumia ana mwaloni (mti wa oak) mkubwa nje ya dirisha, basi kila mwaka utamsikia zamani ulikuwa hauoti majani mpaka Mei, sasa hivi Aprili tu mti ushakuwa kijani. Nikajua ni mambo ya uzee, ila mwaka huu nimejionea mwenyewe, tena kuna mwingine uko chini ya taa ya barabarani ulitangulia hata huo wa bibi. Hivi ni kweli? Na joto likizidi si itafika siku utachipua Februari? – Mama Salma

JIBU: Mama Salma, usimbishie bibi, yuko sahihi. Waingereza kwa kuandika mambo ya hali ya hewa hawajambo. Robert Marsham wa Norfolk alianza mwaka 1736 kuandika tarehe za majani ya kwanza na mbayuwayu kufika, akafa, familia ikaendelea mpaka 1958! Na jirani yenu Surrey, Jean Combes aliweka rekodi kuanzia 1947, na ukilinganisha na miaka ya 1950 mialoni ya kule sasa inawahi kama wiki tatu hivi.

Sasa hilo la Februari, hapana. Lile tumba la mwaloni unaloliona Januari, gumu, limefunikwa magamba ya kahawia, limelala, na ili liamke lazima kwanza lipigwe baridi ya kutosha wiki kadhaa, ndo baadaye lianze kukusanya joto la Machi na Aprili mpaka lifunguke. Kwa hiyo joto la Machi linauwahisha mti lakini joto la Desemba linauchelewesha, kwa sababu haujashiba baridi. Watafiti walifuatilia aina saba za miti Ulaya, mwaloni ukiwemo, wakakuta kati ya 1980 na 1994 kila nyuzi moja ya joto iliyoongezeka iliwahisha majani siku 4, ila 1999 mpaka 2013 ikawa siku 2.3 tu. Breki zipo, yaani.

Taa nayo hujakosea. Utafiti wa Uingereza wa 2016 ulikuta sehemu zenye mwanga mwingi usiku miti inachipua mpaka siku 7.5 mapema, na joto la mjini peke yake halikutosha kueleza tofauti hiyo.

Ila mi naona kazi kubwa iko kwa wanaoutegemea huo mti. Jani changa la mwaloni lina rangi ya shaba hivi, laini, viwavi wa nondo wanalipenda sana, lakini wiki chache tu linakomaa na kujaa tanini, kemikali kali ya kwenye majani, halilikiki tena. Kiwavi akitotolewa kabla tumba halijafunguka anakufa njaa, akichelewa anakuta majani magumu. Halafu kuna kale kandege kenye kichwa cheusi na kifua cha manjano, Waingereza wanakaita great tit, kanalisha makinda viwavi haohao. Kwenye msitu wa Wytham karibu na Oxford, sio mbali na wewe, videge hivyo vinachunguzwa tangu 1947 na siku hizi vinataga mapema kuliko zamani, vikikimbizana na viwavi. Na mti ukiwahi sana jalidi (ile baridi ya kugandisha umande) ya mwishoni mwa Aprili inaweza kuunguza majani yote, ingawa mwaloni ni mbishi, utatoa mengine.

Muulize bibi kama ana shajara za zamani maana wazee wa huko wengi wanaandika, na we mwenyewe uanze, shirika la Woodland Trust linapokea rekodi za watu wa kawaida kama wewe. Tarehe ya jani la kwanza sio siku unayoona kijani kinachungulia kwenye tumba, ni siku jani limekunjuka mpaka umbo lake la mwaloni unalitambua.