Sauti haioni rangi: mistari mitatu niliyoachiwa na HIFU

Nilikuwa kwenye bajaji, tumekwama foleni ya Morocco hapa Dar, nikawasha kamera ya simu nijiangalie. Shavu la kushoto lilikuwa na mistari mitatu iliyovimba, imepangana sawasawa kama vile nimebandikwa uma wa moto. Dereva alinitazama kwenye kioo mara mbili, ya tatu akashindwa kunyamaza: "Mama, umegongwa?" Nikamjibu natoka saluni. Hakuuliza tena mpaka tunafika Kinondoni.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita, na sijawahi kuiandika popote kwa sababu ya aibu. Ila tangu niweke picha za harusi ya mpwa wangu, kila siku napokea ujumbe: shingo umeifanyaje, umechoma sindano gani, tupe siri na sisi. Sina siri. Nimefanya HIFU, ile mashine ya mawimbi ya sauti ya kukaza uso, mara mbili. Ya kwanza iliniunguza, ya pili ilinifaa, na nataka muijue ya kwanza kabla hamjakimbilia ya pili.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Bibi yangu alikuwa somo, anayewafunda mabibi harusi, kwa hiyo nimekua naona liwa, ule mti wa kunukia, ikisuguliwa juu ya jiwe kwa marashi, na singo ya kusugulia mwili ikitengenezwa siku nyingi kabla ya harusi. Mambo yale nayaamini mpaka leo. Ngozi ya juu haikuwa shida yangu. Nilipofika miaka 45 daktari aliniambia sukari imeshabisha hodi, nikapunguza wali, nikaanza kutembea alfajiri, nikapungua kilo 17. Mwili ulifurahi, uso ukashuka. Mashavu yaliteremka pembeni ya mdomo, na chini ya kidevu pakatokea mkunjo ambao mtandio ulikuwa unaukalia kama mtu aliyekaa kwenye ngazi. Watu wakaanza kunipa pole ya ugonjwa nisioumwa. Hapo ndipo nikaona tangazo: mashine ya mawimbi ya sauti, hakuna kisu, hakuna sindano, inakaza uso, inaondoa madoa, inang'arisha. Yote matatu kwa laki mbili na nusu.

Hapo pa "inaondoa madoa" ndipo ningetakiwa kufunga simu na kulala.

HIFU ni altrasaundi, ndugu wa ile ya kupimia mimba. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Mashine hizi zinatetema kwa mamilioni, ndiyo maana husikii kitu isipokuwa mlio wa mashine yenyewe inapohesabu. Ile ya mimba inatuma mawimbi, inasikiliza mwangwi, inachora picha ya mtoto. Hii inayakusanya mawimbi yote kwenye nukta moja. Mnakumbuka shuleni tulivyokuwa tunachoma karatasi kwa lenzi? Jua lile lile linaloanika dagaa, ukilikusanya, linatoboa daftari. Na ukiisogeza lenzi juu au chini kidogo tu, karatasi haiungui, kwa sababu nukta ya moto ina umbali wake. Kichwa cha HIFU ni lenzi ya sauti. Mawimbi yanapita ngozi ya juu bila kuigusa, yanakutana ndani, na pale yanapokutana nyama inafika nyuzi joto 60 hadi 70 kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Kila pigo linaacha ndani alama isiyozidi punje ya ufuta. Kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi, iliyopo hapo inajikunja papo hapo kwa lile joto, halafu mwili unahesabu kwamba kuna majeraha madogo madogo ya kuponya, unaanza kujenga kolajeni mpya. Ujenzi huo ni wa miezi miwili, mitatu, wakati mwingine sita. Anayekuahidi utatoka mlangoni umekazika anakuonyesha uvimbe tu.

Umbali wa hiyo nukta unahesabiwa kwa milimita, na kila umbali una katriji yake, yaani kichwa cha kubadilisha. Ya 4.5 inafika kwenye utando unaobeba misuli ya uso, ule ule ambao daktari wa upasuaji huuvuta akimkaza mtu kwa kisu. Ya 3.0 inaishia ndani ya ngozi nene ya chini. Ya 1.5 iko juu zaidi, kwa mikunjo myembamba. Nimewachosha na hesabu, najua, lakini shavu langu liliungua kwa sababu ya hesabu hizi.

Na sasa rangi, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Leza nyingi za urembo zinawinda rangi. Mwanga unatafuta kitu cheusi, unakinyonyesha joto. Ndiyo maana leza ya kuondoa nywele isiyofaa ngozi yetu inaweza kukuachia malengelenge: mashine inatafuta weusi wa unywele, inakutana na weusi wako wote. Sauti haina macho. Kwake ngozi ya Mswidi na ngozi ya Mmakonde ni nyama tu ya kupita. Kwa hiyo wanaposema altrasaundi inawafaa hata watu weusi, wanasema kweli, na mimi ni shahidi.

Lakini geuza hiyo kweli upande wa pili. Kitu kisichoona rangi kitaondoaje doa? Doa ni rangi. Mashine inayojulikana zaidi katika kundi hili, Ultherapy, ilipata kibali cha Marekani mwaka 2009 kwa kuinua nyusi, 2012 kwa chini ya kidevu na shingo, 2014 kwa mikunjo ya kifuani. Kuinua, kuinua, kulainisha mikunjo. Madoa hayamo. Mwenye saluni anayekuuzia HIFU kwa ajili ya madoa ya mimba au ya mkorogo wa zamani ama hajui mashine yake inafanya nini, au anajua.

Turudi kwenye kile kiti. Binti aliyenihudumia alikuwa na adabu zake, anaita "mamy" kila baada ya sentensi. Hakuniuliza kama nina ugonjwa wowote, wala dawa ninazotumia, wala kama ngozi yangu huwa inaota makovu. Alinipaka krimu ya ganzi, akanipaka jeli, kiduchu, kama mtu anayebana matumizi ya mafuta ya kula mwisho wa mwezi. Mashine haikuwa na picha, ilikuwa na namba tu. Alipofika kwenye ukingo wa taya, pale uso unapopinda, kichwa cha mashine kiligusa ngozi kwa upande mmoja na upande mwingine kikabaki hewani. Nilisikia moto juu ya ngozi. Kabla ya hapo maumivu yote yalikuwa ya ndani, kama jino linalouma kwa mbali. Haya yalikuwa ya juu, ya pasi. Nikamwambia inaunguza. Akasema, "Ndiyo inafanya kazi, mamy."

Kumbukeni hilo. Maumivu ya ndani yanayokuja na kuondoka ni ya kawaida kwenye HIFU. Ukisikia ngozi yenyewe inaungua, mkono wa mtu ushike, asimamishe.

Daktari wa ngozi niliyemwendea wiki iliyofuata alinieleza kwa dakika mbili: jeli ndogo, kichwa hakikulala sawasawa, sauti haikuingia ilivyopaswa, joto likaishia juu. Uvimbe ulishuka kwa siku nne. Yaliyobaki ndiyo yaliyonitesa, kwa sababu ngozi nyeusi ikiumizwa inajibu kwa rangi. Mistari mitatu ya kahawia iliyokoza, miezi mitano. Nilikwenda kukaza uso nikarudi na madoa.

Katika hiyo miezi, kila shoga alikuwa na kopo lake la krimu ya kung'arisha la kuniletea. Namshukuru daktari kwa kunitisha mapema. Makopo yale mengi yana steroidi zinazochuna ngozi mpaka inakuwa kama karatasi ya sigara, mengine yana zebaki, ambayo imepigwa marufuku na bado inauzwa chini ya meza. Aliniandikia dawa moja ya usiku na losheni ya kuzuia jua kila asubuhi, hata kama siku hiyo natoka kwenda genge la jirani tu. Alisomea Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC kilichoanza mwaka 1992, hapo hapo wanapotengeneza losheni ya jua kwa ajili ya wenye ualbino. Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tunadhani daktari wa ngozi ni wa vipele na fangasi, urembo ni wa saluni. Mtu aliyezoea kutibu ngozi nyeusi ndiye wa kumuuliza kwanza, hata kama hana mashine yoyote.

Ya pili niliifanya Dubai, nilipokwenda kumtazama dada yangu. Yeye ndiye aliyelipa. Bei ilikuwa zaidi ya mara kumi ya ile ya kwanza, na sijifanyi kuwa hilo ni jambo dogo. Tofauti ilianza kabla sijalala. Maswali dakika ishirini: una mashine ya moyo, una chuma chochote usoni, una keloidi, yale makovu yanayoota na kuvimba, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una vidonda au chunusi kubwa, una ujauzito. Kwa miaka 48 swali la mwisho lilinichekesha, lakini aliliuliza. Halafu akanichora uso mzima kwa penseli nyeupe, akaacha wazi sehemu za hatari. Juu ya macho hapitishwi kitu. Wapo watu waliopata mtoto wa jicho kwa HIFU iliyopitishwa kwenye kope. Katikati ya koo, penye tezi, hapaguswi. Na kwenye taya kuna neva inayouendesha mdomo, ikipata joto unaweza kutabasamu upande mmoja kwa wiki kadhaa.

Kilichonishangaza zaidi ni skrini. Alipogusa shavu, niliona ngozi yangu kwa ndani, imepangana kama mkate wa kumimina uliokatwa, na mstari unaoonyesha nukta ya moto itaangukia wapi. Kuna sehemu alisita, akasema hapa wewe umepungua mafuta, nikipiga 4.5 nitagonga mfupa, akabadilisha katriji. Yule binti wa kwanza angeyajuaje hayo? Alikuwa anarusha mawe gizani. Na mtu aliyekonda kama mimi ana hatari nyingine pia: joto likitua kwenye mafuta machache yaliyobaki, linaweza kuyala, ukatoka na shavu lililobonyea.

Sikuja kuwaambia haikuuma. Iliuma, hasa karibu na sikio, na nilikuwa nimemeza panadoli mbili. Saa moja na robo. Nikatoka na wekundu ambao kwangu mimi haukuonekana, na shavu lililokuwa linauma nikiligusa kwa siku kama tano. Wiki ya tatu sikuona kitu. Wiki ya sita nikaanza kumlalamikia dada na hela zake. Karibu na mwezi wa tatu nilikuwa nafunga mtandio kwenda kwenye maulidi, pini ikawa haikai pale ilipozoea kukaa. Ule mkunjo ulikuwa umepungua. Haujaisha, na sura yangu haijarudi miaka 30, ila taya imepata ukingo. Haidumu milele pia. Mwaka hivi, kwa wengine zaidi kidogo, halafu umri unaendelea na kazi yake. Na kama ngozi imening'inia sana, sauti haiwezi, hiyo ni kazi ya kisu, usitupe hela yako.

Mnaoniuliza kuhusu kile kibati kinachotoa mvuke wa maji usoni, nacho ni altrasaundi, ila ya chini sana, mitetemo kama elfu ishirini na kitu kwa sekunde. Kinatikisa uchafu na mafuta yaliyoziba kwenye pua ukiwa umelowanisha ngozi. Kinasafisha, basi. Mimi ninacho, nakitumia mara moja kwa wiki mbili kabla ya singo, na nakiona kizuri kwa kazi hiyo. Vile vya kuchua vinavyouzwa mtandaoni kwa maneno ya kukaza uso vinapasha ngozi joto kidogo na kusaidia mafuta uliyopaka kuingia. Havina ile lenzi, havikusanyi kitu popote.

Ukienda mahali popote, mwulize anayekushika uso, yeye mwenyewe, si mtu wa mapokezi: unatumia milimita ngapi kwenye taya yangu, na kwa nini? Akijibu "mashine inajipanga yenyewe", chukua mkoba wako. Niliwahi kumpeleka rafiki yangu mahali pamoja hapa hapa Dar, akauliza swali hilo, yule dada akaenda nyuma kumuuliza bosi, bosi akatoka kutuambia tukae, tupewe juisi. Tulikunywa juisi, tukaondoka.

Mistari miwili imefutika kabisa. Wa tatu, ule wa karibu na sikio, bado upo ukiutafuta kwenye mwanga wa dirishani. Kwenye zile picha za harusi umefunikwa na mtandio.