Mtoto wa miaka minne analia kila akisikia shule: majibu ya mama aliyefundisha chekechea

Mleta mada, umesema binti yako alikuwa anaisubiri shule kwa hamu, na sasa zimebaki siku chache analia usiku, kakojoa kitandani tena na kila asubuhi tumbo linamuuma. Baba yake anasema ni kudeka tu, apelekwe aachwe, atazoea. Mimi nimelea wangu watatu na nimefundisha chekechea kwa miaka mingi, kwa hiyo machozi ya pale mlangoni nimeyaona kwa pande zote mbili. Nitakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Hilo tumbo linauma kweli, hasingizii. Mtoto akiwa na hofu mwili wake unatoa homoni zilezile zinazomtoka mtu mzima anayesubiri kuitwa kwenye usaili, na tumbo ndilo linalotangulia kuvurugika. Angalia linauma lini. La hofu huja jioni ya kuamkia shule na asubuhi yake, likifika Jumamosi limepoa. Likija na homa au kutapika, au likimwamsha usingizini, hilo ni la kupeleka hospitali. Kukojoa kitandani nako hutokea sana mtoto anapopitia badiliko kubwa. Badilisha shuka, usiseme kitu, na asitaniwe mbele za watu.

Sasa twende kwenye kiini. Maneno ya "usiogope, shule ni nzuri, utapata marafiki" hayafiki popote, kwa sababu mara nyingi mtoto haogopi shule nzima. Anaogopa kitu kimoja, tena kidogo mno, mtu mzima hawezi kukiotea. Mwanangu wa pili aligoma kabisa, na nikimuuliza kwa nini ananiinulia mabega. Kwa umri ule "kwa nini" ni swali zito. Nikaacha kuuliza, tukaanza kucheza shule sakafuni, yeye mwalimu, mimi mwanafunzi. Siku moja mwanafunzi nikaomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu akanikazia macho: "Hapana! Hujui kufungua kifungo, utajikojolea, wote watakucheka."

Kumbe kilio chote kile ni kifungo cha suruali! Tukatafuta suruali za mpira kiunoni, akafanya mazoezi ya kuvua na kuvaa mwenyewe, na tulipokwenda kuitembelea shule nikamwonyesha choo kwanza, darasa baadaye. Mwalimu wake akamwelekeza namna ya kuomba ruhusa. Hofu haikuisha yote, lakini usiku alianza kulala.

Darasani nimekutana na nyingi za namna hiyo. Mmoja aliamini ukishaingia shule ndiyo basi, hurudi nyumbani, maana hakuna aliyefikiria kumwambia kuwa jioni wanatoka. Mwingine aliogopa kengele. Kuna mmoja shule haikuwa na kosa lolote kwake, wasiwasi wake ni mama aliyejifungua karibuni atabaki nyumbani na mdogo wake amsahau yeye. Huyo ungemsifia shule mpaka kesho, asingekusikia. Kwa hiyo cheza naye, mpe wanasesere au karatasi achore, halafu wewe funga mdomo usikilize.

Siku yenyewe ikifika, usimtoroke. Najua hata baadhi ya walimu wenzangu hushauri umvizie akinogewa na michezo uondoke kimyakimya. Leo hatalia sana, ila kesho hatacheza, atakaa anakuchunga wewe. Muage. Mkumbatie, mwambie neno lenu la kuagana, mkabidhi kwa mwalimu, ondoka, na iwe hivyohivyo kila siku. Ukirudi dirishani kuchungulia akakuona, tunaanza moja. Wengi hunyamaza muda mfupi tu baada ya mzazi kupotea machoni. Wewe unashinda na kile kilio masikioni, mwenzio yuko kwenye mchanga anagombea ndoo. Huamini? Muulize mwalimu.

Usimwambie pia utamfuata saa ngapi, saa haijui. Mpe mtiririko: mtaimba, mtakula, mtacheza nje, mtasomewa hadithi, hadithi ikiisha mama huyu hapa. Halafu uwepo kweli. Anayechelewa siku za mwanzo anajitafutia kazi. Kitu kidogo cha nyumbani mfukoni, kitambaa chako au picha, huwasaidia wengine, ila kamuulize mwalimu kama anaruhusu.

Baba yake naye ana hoja, tusimwonee. Ukimbakiza nyumbani kila akilia, anapata nafuu palepale, na anachojifunza ni kwamba dawa ya hofu ni kuikimbia. Kesho inakuwa kubwa zaidi. Apelekwe, ndiyo, lakini akiwa ameandaliwa na ameagwa. Na kama kati yenu wewe ndiye mwepesi wa machozi, mwache baba ndiye ampeleke. Mtoto anausoma uso wako kabla hajaliangalia darasa.

Usishtuke akirudi nyumbani akalipuka kwa kitu cha kijinga, kikombe si kile anachokitaka. Kajizuia kutwa nzima, kwako ndiko anakofungulia. Mpe chakula na utulivu, maswali ya shule baadaye. Baada ya likizo au ugonjwa anaweza kuanza upya kulia, hiyo ni kawaida.

Lakini akifikisha wiki 4 bado ni vilevile, halali, hali, hakubali hata kubaki chumba kingine bila wewe, mpelekeni kwa daktari wa watoto au mwanasaikolojia. Hofu ya kutengana iliyofika hapo ina matibabu yake, msikae nayo nyumbani.

Jaribu huo mchezo wa shule jioni hii. Akiropoka chochote, hata kama kinachekesha, kilete hapa tukiangalie pamoja.