Ukipewa Nafasi ya Tom Robinson, Anza na Mkono

Wadogo zangu mnaoingia kwenye uigizaji huku Marekani, ipo siku mtaitwa kuigiza Tom Robinson. Mchezo wa To Kill a Mockingbird haukauki katika kumbi za miji midogo. Riwaya ya Harper Lee ilitoka mwaka 1960, Christopher Sergel akaigeuza mchezo wa jukwaani, na kule Monroeville, Alabama, alikozaliwa mwandishi, wenyeji wameucheza miaka mingi, sehemu ya kesi ikichezwa ndani ya mahakama ya zamani. Mimi nimeucheza misimu miwili.

Kabla ya kukariri neno lolote, shughulikia mkono. Tom ni kibarua mweusi wa miaka ya 1930 anayesingiziwa kumbaka msichana mzungu, Mayella Ewell. Utotoni mkono wake wa kushoto ulinaswa na mashine ya kuchambua pamba, ukafa. Mayella aliumizwa upande wa kulia wa uso, na baba yake, Bob Ewell, anaandika jina lake kwa mkono wa kushoto huku mahakama nzima ikitazama. Yaani aliyempiga alitumia kushoto, na kushoto kwa Tom kumekufa. Ushahidi wote basi unauning'iniza wewe begani. Nimekulia Mwanza, kwenye pamba, na jirani yetu mmoja aliumia hivyo hivyo kiwandani. Nilijifunza kwa kumkumbuka. Bega linashuka. Mkono mzima unaunyanyua ule mbovu na kuupakata kabla mtu hajaketi. Mwili ukishtuka, mkono huo haushtuki.

Hapo nilikosea vibaya. Usiku mmoja jaji aligonga nyundo, nami nikadaka ukingo wa kizimba kwa kushoto. Watu waliona, na kesi yote iliyofuata ikawa maneno matupu. Kesho yake nikaufunga ule mkono kwa kitambaa, nikapika, nikafua na kuvaa viatu kwa mmoja, wiki nzima. Fanyeni hivyo tangu mazoezi ya kwanza. Katika riwaya, Tom anapoapa, mkono unateleza kutoka juu ya Biblia. Kitendo hicho hakiigizwi kwa kubahatisha.

Kitu kingine: utakaa kimya muda mrefu wengine wakitoa ushahidi. Usiombe huruma kwa macho. Ewell anaposaini, usimtazame, wala usionyeshe tumaini. Tom anawajua wale wanaume 12 weupe wa jopo linaloamua kesi kuliko wakili wake, Atticus, anavyowajua. (Msiwachanganye na wazee wa baraza wa Mahakama Kuu kwetu Tanzania, ambao hutoa maoni tu na jaji hafungwi nayo. Hawa wakisema ana hatia, ndiyo hukumu.)

Halafu linakuja jibu linalommaliza. Mwendesha mashtaka anamuuliza kwa nini alimsaidia Mayella bila malipo, naye anasema alimwonea huruma. Mtu mweusi kumhurumia mzungu! Katika Alabama ile, hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko lile aliloshtakiwa. Waigizaji wengi hulikazia neno hilo kwa sababu wanajua litaleta nini. Tom hajui. Limtoke kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kisha usikie ukumbi ulivyopoa, na hapo ndipo uelewe ulichosema.

Kuhusu lile tusi la rangi lililojaa kwenye maandishi: kaeni kundi zima siku ya kwanza mkubaliane litatamkwa lini. Sisi tuliamua ni ndani ya onyesho na mazoezi ya mwisho tu. Aliyeigiza Ewell alikuja kunishika mkono kila usiku kabla ya pazia, na bila hilo nisingemaliza msimu.

Baada ya hukumu kazi yako jukwaani imeisha, lakini msivue mavazi. Kaeni nyuma msikilize. Tom anauawa gerezani akijaribu kutoroka, kwa risasi 17, na hadhira haioni, inaambiwa tu. Calpurnia, mpishi wa Atticus, anapoondoka naye kwenda kumwambia mjane, huwa nasimama gizani pembeni mwa jukwaa, mkono bado umelala, mpaka wapite.