Kigawo au kigawe? Maswali ya wasomaji kuhusu KKS

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu wa darasa la sita aliambiwa atafute KKS, yaani Kigawo Kikubwa cha Shirika, ya 48, 72 na 120. Kagawa kwa namba tasa mpaka chini, kapata 720, kakosa. Nimepitia kila mstari, sioni alipokosea kugawa.
Mzazi, Mbagala

JIBU: Hakukosea kugawa, alipitiliza. 720 ni jibu sahihi la swali jingine: ndiyo KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika, ya namba hizohizo. Mkanganyiko huu ni wa kila siku, na nusu ya lawama ni ya maneno yenyewe, maana yanatofautiana herufi moja tu. Kigawo ndicho kinachogawa, kwa hiyo KKS haiwezi kuizidi namba iliyo ndogo kuliko zote, hapa 48. Kigawe ndicho kinachogawanywa, nacho hakishuki chini ya 120. Mtoto angelijua hilo, 720 angeifuta mwenyewe kabla hajakusanya daftari.

Keti naye, mwende mstari kwa mstari. Gawa zote kwa 2: 24, 36, 60. Tena kwa 2: 12, 18, 30. Tena: 6, 9, 15. Mtego uko hapa. 6 bado inakubali 2, ila 9 na 15 hazikubali. Kwenye KDS unaigawa 6 peke yake, 9 na 15 unazishusha zilivyo. Kwenye KKS hakuna ruhusa hiyo: inayogawa izigawe zote, la sivyo haiandikwi. Wapo pia wanaofika hapo wakaweka kalamu chini na kujibu 8. Hao wamewahi mno, 3 hawajaijaribu. Inazigawa zote, zinabaki 2, 3, 5, na hakuna tena namba tasa inayozigawa zote tatu. Zidisha namba ulizogawia, zile zinazoandikwa kushoto: 2 × 2 × 2 × 3 = 24.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natakiwa kurahisisha sehemu 899/1147. Nimejaribu 2, 3, 5, 7 na 11, zote zimegoma. Niandike kwamba hairahisishiki?
Mwanafunzi wa sekondari, Kigamboni

JIBU: Marahaba. Usiandike hivyo, na acha kubahatisha. Tumia njia ya kutafuta KKS aliyoiandika Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo: gawa kubwa kwa ndogo, kisha ndogo kwa baki, hivyo hivyo mpaka baki liwe 0.

1147 kwa 899, baki 248.
899 kwa 248, baki 155.
248 kwa 155, baki 93.
155 kwa 93, baki 62.
93 kwa 62, baki 31.
62 kwa 31, baki 0.

KKS ni namba uliyogawia mara ya mwisho, yaani 31, si ile 2 uliyopata baada ya kugawa. Gawa juu na chini kwa 31, sehemu yako ni 29/37. Njia inafanya kazi kwa sababu namba yoyote inayozigawa 1147 na 899 lazima iigawe pia tofauti yao, 248. Kwa hiyo kila mstari unapunguza namba bila kupoteza kigawo hata kimoja cha shirika.

SWALI: Chumba ni mita 4.8 kwa 3.6. Vigae vya mraba vya ukubwa gani vitaenea bila kukata?
Fundi, Tabata

JIBU: Geuza kwanza iwe sentimita: 480 na 360, KKS 120. Kigae chochote ambacho upande wake unaigawa 120 kinaenea, mathalani cha 60, na vitaingia 8 × 6 = 48. Hiyo ni kwenye karatasi. Ukiacha milimita 3 za saruji nyeupe kati ya kigae na kigae, upande wa vigae 8 una nafasi 7, jumla milimita 21, na safu ya mwisho itabidi ikatwe kiasi hicho. Upande wa pili ni milimita 15. Anza kupanga mlangoni, ili zilizokatwa ziangukie ukutani kwenye kabati.